Kila Desemba Jambiani: mume hataki kwingine, nami nimechoka

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja ana miaka 11, mwingine 7. Naishi Tabata na nina duka la vipodozi hapahapa mtaani. Baba watoto ni dereva wa malori ya masafa. Anabeba mzigo bandarini kuupeleka Tunduma, Kasumbalesa, mpaka Lubumbashi. Likizo ya maana anapata mara moja kwa mwaka, na tangu 2019 yote inaishia Jambiani, Unguja. Nyumba ya wageni ileile, chumba kilekile, tarehe 26 Desemba hadi 31. Hata kiti anachokalia pale barazani ni kilekile.

Miaka ya mwanzo nilifurahi, siwezi kusema uongo. Sasa nimechoka. Mwaka 2023 kila tukimaliza chai tunakuta bahari imeshakimbia, ni mchanga na mwani mpaka mchana, watoto wananuna. Mwaka jana, 2025, kwa kweli waliogelea kila asubuhi, lakini nyumba yenyewe imepata msimamizi mpya: maji ya bafuni yana chumvi, feni inapiga kelele usiku kucha, na bei imetoka 60,000 hadi 95,000 kwa usiku. Mume wangu analipa bila kuuliza neno.

Nilitaja Mikumi, kwa kuwa mtoto mkubwa anaisikia kwa wenzake shuleni. Alicheka, akasema, "Nikapumzike kazini?" Nikataja Lushoto, akanyamaza siku mbili. Dada yangu ananiambia nichunguze, labda kuna mtu huko. Mimi sioni dalili yoyote. Akifika analala, anacheza bao na wazee, alfajiri anatoka kwenda kutazama ngalawa zikiingia majini. Hapo ndipo ninapokwama: mtu anayepita nchi tatu kwa safari moja anapataje raha ya kukaa mahali alipokwisha kupaona mara saba?

Safari ya mwaka huu tumeiwekea milioni 1 na laki 8. Nifanyeje na sisi wengine tupate mahali papya, bila kugombana?

Mama wa wawili, Tabata

JIBU

Marahaba mwanangu.

La dada yako tuliweke pembeni kwanza. Mwenye siri hapeleki mke na watoto kwenye hiyo siri mwaka hadi mwaka, chumba kilekile, mbele ya wazee walewale wa bao. Ulichokiandika ni mtu anayelala, anayecheza bao na anayetazama ngalawa. Ukianza kumchunguza utamvunjia heshima, na hayo mazungumzo unayoyataka hayatafanyika tena.

Sasa swali lako. Wewe unashangaa kwamba mtu wa safari nyingi anataka mahali pamoja. Mimi naona ni kwa sababu ya hizo safari nyingi. Hebu hesabu kazi yake ilivyo: mzani wa Vigwaza, mzani wa Mikumi, breki za Kitonga, alale wapi ili mafuta yasinyonywe, foleni ya Tunduma na Nakonde, karatasi za forodha, halafu Kasumbalesa aanze upya. Kila saa anaamua jambo, na akikosea linamgharimu. Mtu wa namna hiyo akifika pahali anapojua swichi ya taa ilipo, anapojua samaki atapikwaje na nani atamwamkia barazani, kichwa kinatua mzigo. Wewe unashinda dukani, sura zilezile, mtaa uleule, mwaka mzima. Yeye anapumzika na barabara. Wewe unapumzika na duka. Mnatafuta likizo moja itibu magonjwa mawili yanayopingana, na hapo hakuna mwenye kosa.

Wenye tabia kama yake ni wengi duniani. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Gitelson na Crompton, walichapisha uchunguzi juu ya watu wanaorudi likizo palepale, wakataja sababu tano: kukwepa hatari ya kuharibikiwa likizo, uhakika wa kukutana na watu wa aina ileile, mapenzi na mahali penyewe, kutaka kuona yaliyobaki, na kutaka kupaonyesha kwa wengine. Kwa mumeo naona mbili za mwanzo waziwazi, na ya tatu kidogo.

Liko na jambo la usingizi, ambalo wengi hawalijui. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown walipima ubongo wa watu waliolala mahali pageni na kuona kwamba usiku wa kwanza upande mmoja wa ubongo haulali sawasawa. Unabaki kama mlinzi, unasikiliza. Mwenye likizo ya wiki tatu usiku mmoja haumuumizi. Ninyi mna siku tano, na mmoja wenu analala ndani ya kichwa cha lori mwezi mzima, sikio moja likiwa kwenye matairi. Kwake chumba alichokizoea ni sehemu kubwa ya likizo yenyewe.

Kwa hiyo usiingie kwenye hili ukiwa na nia ya kumtoa Jambiani. Yako mambo matatu yanayoharibu safari yenu, na yote yanarekebishika: tarehe, nyumba, na kwamba hamjawahi kuwa na safari iliyo yako.

Tarehe

Hili nitalieleza kwa kirefu kwa sababu ndilo lililowanunisha watoto 2023, na wageni wengi wa pwani ya mashariki ya Unguja wanailaumu Jambiani bure.

Kati ya ufukwe wa Jambiani na mwamba wa matumbawe unaozuia mawimbi, chini ni tambarare na kina ni kidogo. Maji yakipwa, yanatoka eneo kubwa sana kwa mara moja. Nungwi na Kendwa kina kinashuka haraka, ndiyo maana kule watu wanaogelea karibu siku nzima. Jambiani unaogelea kwa ratiba ya mwezi.

Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na siku mbili hivi baada yake, ni bamvua: tofauti ya maji kujaa na kupwa inafika karibu mita 4. Siku hizo, pwani yetu, maji yanapwa kabisa kwenye saa nne asubuhi na kujaa kwenye saa kumi alasiri. Kila siku inayofuata saa hizo zinasogea mbele, kwa wastani dakika 50. Baada ya wiki moja hivi mnafika maji mafu, mwezi ukiwa nusu: maji hayatoki mbali, tofauti ni mita 1 na kitu, na saa zimegeuka, saa nne asubuhi maji yako juu.

Sasa tazama miaka yako miwili. Tarehe 27 Desemba 2023 mwezi ulikuwa mpevu. Mlifika na bamvua, na kila mlipomaliza chai maji yalikuwa yanaelekea kwenye mwamba. Tarehe 27 Desemba 2025 mwezi ulikuwa nusu: maji mafu, watoto wakaogelea asubuhi. Bahari ni ileile, mliibahatisha tu.

Mwaka huu msibahatishe. Mwezi utakuwa mpevu tarehe 24 Desemba 2026. Mkienda 26 kama kawaida, maji yatakuwa chini kabisa kuanzia kwenye saa tano na robo siku ya kwanza, yakisogea hadi saa nane na nusu siku ya tarehe 30. Maana yake kuogelea ni mapema sana asubuhi au jioni, na katikati ya siku ni jua kali na mchanga mtupu. Mkienda tarehe 17 hadi 21, mwezi uko nusu: maji yatajaa kuanzia kwenye saa tatu asubuhi siku ya kwanza na kusogea hadi mchana siku za mwisho. Shule zimefungwa, na bei za Krismasi na mwaka mpya kwa kawaida hazijaanza. Vuli inaweza kuwa haijaisha, kwa hiyo chukueni koti jepesi la mvua kwa kila mtoto. Saa kamili za siku zenu mzitazame kwenye jedwali la maji la bandari ya Zanzibar, mtandaoni lipo bure.

Kama ruhusa ya mumeo haisogei kabisa na lazima iwe 26, basi badilisheni siku yenyewe. Bamvua ndiyo wakati wa kutembea. Maji yakishatoka, mkodi mtu wa kijijini awapeleke kwa miguu kuelekea kwenye mwamba na kwenye mashamba ya mwani, ambayo akina mama wa Paje na Jambiani wanayalima kwa biashara tangu 1989. Viatu vya plastiki vya kufunga ni lazima, kwa sababu ya vile viumbe vya miiba mieusi vinavyokaa kwenye mawe. Geukeni kurudi maji yanapoanza kuingia, msisubiri yafike magotini, maana yanajaza mabonde ya mchanga nyuma yenu kabla hayajafika mliposimama. Mtoto wa miaka 7 ashikwe mkono wakati wote.

Siku moja toeni familia nje ya kijiji. Jozani iko njiani kati ya Paje na mjini, mtaona kima punju kwa karibu, na saa mbili zinatosha. Kizimkazi Dimbani kuna msikiti wenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Mumeo akitaka abaki na bao lake siku hiyo, abaki kwa amani.

Nyumba

Hapa nakuunga mkono moja kwa moja. Mgeni wa kudumu ana udhaifu mmoja: anaacha kuuliza bei. Msimamizi mpya hamjui mumeo kama mtu wa miaka saba, anamjua kama jina lisilobishana. Kutoka 60,000 hadi 95,000 huku maji yakiwa na chumvi na feni ikipiga kelele, huko ni kulipia kumbukumbu.

Mwezi Septemba fanya hivi. Tuma ujumbe kwenye nyumba yenu na nyingine tatu za jirani, zote umbali wa kutembea kutoka kwenye ile baraza ya bao. Hilo la umbali ndilo la msingi, kwa sababu kitanda kinaweza kubadilika bila mumeo kupoteza wazee wake. Andika tarehe, watu wazima wawili, watoto wawili na umri wao, usiku wanne, pamoja na kifungua kinywa. Uliza kama maji ya bafuni ni ya kisima chenye chumvi au ni baridi, yaani matamu. Uliza umeme ukikatika kuna jenereta au mnakaa gizani. Omba video fupi ya chumba feni ikiwa imewashwa, siyo picha. Mwenye chumba kizuri anaituma siku hiyohiyo.

Bei mnayoiona kwenye programu za kuweka vyumba mara nyingi ndani yake mna kamisheni ya asilimia 15 hivi. Ukizungumza na mwenye nyumba mwenyewe una haki ya kuomba sehemu ya hiyo ipunguzwe. Kwenye nyumba yenu ya zamani andika waziwazi kwamba huu ni mwaka wa nane, na kwamba mtarudi kama feni itabadilishwa na bei ikarudi karibu na ilipokuwa. Wakikataa, umepata jibu la kumwonyesha mumeo, kwa maandishi, bila kumsuta. Malipo ya awali yasizidi theluthi moja, na ujumbe wote uhifadhi.

Safari yako

Alipokujibu "Nikapumzike kazini?" alikuambia kweli tupu. Barabara ya Tunduma inakatiza ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi. Wewe unawaza twiga. Yeye anawaza matuta, vibao vya mwendo na mnyama anayeweza kuruka mbele ya lori usiku. Kumpeleka Mikumi likizo ni sawa na yeye kukupeleka wewe ukapumzike kwenye duka la vipodozi la mtu mwingine.

Lakini watoto hawajaiona, na wewe hujaiona. Hivyo Mikumi iwe safari ya pili, ya Juni, shule zikiwa zimefungwa, wewe na watoto, na huyo dada yako mwenye wasiwasi akitaka aje. Juni inafaa kuliko Desemba hata kwa wanyama: masika yameisha, nyasi zinaanza kukauka, na wanyama wanaonekana vizuri uwanda wa Mkata. Desemba nyasi zimeota na wanyama wametawanyika, maana maji yapo kila mahali.

Dar hadi Morogoro nendeni kwa treni ya SGR. Ilipoanza Juni 2024 nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 13,000 kwa mtu mzima, na watoto wa miaka 4 hadi 12 nusu yake. Kwa wewe na wanao wawili hiyo ni 26,000 kwenda, 52,000 kwenda na kurudi. Thibitisha bei ya sasa unapokata tiketi. Kata siku kadhaa mapema, kwa sababu vipindi vya shule kufungwa viti vinaisha. Morogoro mnapanda basi la kwenda Mikumi mjini, si mwendo mrefu, mkifika mchana mnalala. Kesho yake gari liwachukue kabla ya jua ili muwe getini linapofunguliwa saa kumi na mbili. Gari ndilo linalokula fedha kuliko kitu kingine, kwa hiyo uliza nyumba mnayolala kama ipo familia nyingine ya kugawana nayo. Gari ni lilelile mkiwa wanne au saba. Hifadhini hakuna kulipa taslimu, mnatengenezewa namba ya malipo na kulipa kwa simu au benki. Beba kitambulisho chako cha NIDA na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, la sivyo mtabishana juu ya kiwango cha raia. Usiku mbili zinatosha. Siku ya tatu mnarudi.

Lushoto iache kwanza. Ni pazuri, ila kutoka Dar ni siku nzima ya basi, na Juni na Julai kuna baridi ya kuhitaji sweta na blanketi. Siku mumeo akitaka kujaribu mahali papya kwa hiari yake, mimi ningependekeza Mafia kabla ya Lushoto. Kule kuna bahari, kuna utulivu na kuna wavuvi, yaani mambo anayoyafuata Jambiani, na Desemba ni msimu wa papa potwe karibu na Kilindoni. Boti inaondoka Nyamisati. Hiyo ni ya miaka ijayo.

Fedha zenu: laki 7 ziende Juni, laki 9 na nusu Desemba, na laki 1 na nusu ikae bila kuguswa kwa mtoto kuugua au boti kuahirishwa. Desemba mnapungukiwa usiku mmoja tu, na tarehe za kabla ya Krismasi zinaweza kuufidia huo kwa bei.

Kumwambia

Usimwambie siku ameingia kutoka Congo. Mpe siku mbili alale. Na usianze na "kwa nini kila mwaka Jambiani", hilo ni shitaka, ndiyo maana alinyamaza. Muulize hivi: "Ukiwa Jambiani, saa gani ya siku ndipo unapojisikia umefika?" Kisha nyamaza wewe, hata kama ni dakika nzima.

Akisema ni alfajiri kwenye ngalawa, au jioni barazani, basi hivyo ndivyo vya kulindwa, na nyumba, chumba na tarehe vyote vinaweza kusogezwa. Akisema ni usingizi, chumba kisibadilishwe mpaka kipatikane kingine kinachomridhisha kwa utulivu. Ikiwa atataja mtu au kumbukumbu ambayo hukuwahi kuijua, msikilize mpaka mwisho, na siku hiyo usizungumzie safari tena. Akisema ni gharama, anaogopa kutupa fedha mahali asipopajua, mletee hesabu iliyoandikwa, mstari kwa mstari, maana dereva wa masafa anaheshimu karatasi.

Baada ya hapo mweleze na lako, kwa ufupi: kwamba wewe unashinda ndani mwaka mzima na unahitaji kuona njia, kwamba Jambiani yake inabaki, kwamba Juni utawapeleka watoto Mikumi na yeye halazimiki. Mwonyeshe jedwali la maji la tarehe 17 na la tarehe 26, yote mawili kwenye simu, aone mwenyewe. Ruhusa ya kusogeza siku tisa inaombwa mapema, kabla ofisi yake haijapanga madereva wa sikukuu, kwa hiyo mazungumzo haya yafanyike kabla ya Septemba kuisha, na malipo ya awali ya chumba yasitumwe mpaka ruhusa hiyo iwe imeandikwa.

Shangazi